Wawili, baga mbili: nene, ya kubonyeza, ya kuku au ya samaki mkiwa Tanga?

Mkikaa wawili kwenye mgahawa wa Tanga wenye menyu ndefu ya baga, msiagize wote ya aina moja. Agizeni mbili tofauti, kila moja ikatwe nusu kwa nusu. Kila mtu ataonja mbili kwa bei ya moja, na siku nyingine mtajua mnarudi kula nini. Swali ni zipi mbili.

Menyu zinazojinadi kuwa za baga za hadhi huwa na familia nne: ya nyama nene, ya nyama nyembamba iliyobonyezwa kwenye bamba la moto, ya kuku wa kukaanga, na ya samaki. Majina hubadilika. Wengine huandika "spesho", wengine huipa baga jina la mtaa au la mwenye mgahawa, lakini ukisoma kilichomo ndani utaiweka kwenye mojawapo ya hizo nne. Msimamo wetu tuuseme mapema: kwa nyama inayopatikana Tanga, nyembamba inaishinda nene karibu kila mara, na samaki akiwa wa leo anazishinda zote mbili. Nene tunaipendekeza kwa sharti moja tu, na sharti lenyewe huulizwa kabla ya kuagiza.

Nyama kwanza

Baga inataka shahamu. Kipimo ambacho wapishi wengi hukifuata ni sehemu 80 za nyama nyekundu kwa sehemu 20 za mafuta, na ikishuka chini ya 15 tonge linakuwa kavu hata mpishi awe hodari namna gani. Ng'ombe wengi wanaochinjwa huku ni wa nundu, waliokulia malishoni, waliotembea kutwa kutafuta majani na maji. Nyama yao ina ladha, tena nzito, ila mafuta yamekaa pembeni na hayakupenya katikati ya nyuzi. Kwa mchuzi haina shida, kwa sababu mchuzi una maji na muda. Kwa mishkaki pia haina shida, kwani papai bichi na ndimu vinailainisha. Baga haina maji, haina papai, na ina dakika chache tu motoni. Ukisaga steki ya paja peke yake, hicho kikavu unachokipata ndicho ulichokinunua buchani.

Mpishi anayejua huchanganya. Kwa kilo moja, gramu 800 ziwe za mkono na kidari, na gramu 200 ziwe shahamu ya nundu au ya kidari. Nundu ndiyo jibu la hapa hapa: mafuta yake ni laini, yanayeyuka mapema, na hayaachi utando mzito kinywani kama mafuta ya figo. Nyama isagwe ikiwa baridi sana, mara moja, kwa tundu kubwa la mashine. Ikisagwa mara mbili kwa tundu dogo, kama bucha nyingi zinavyofanya kwa ajili ya sambusa, nyuzi zinavurugika na mafuta yanakuwa kama krimu. Baga inatoka imeshikamana kama soseji.

Basi kabla ya kuagiza baga yoyote ya ng'ombe, muulizeni mhudumu kwa upole: "Samahani kaka, nyama ya baga mnasaga wenyewe au inakuja imeshasagwa? Na mnaongeza mafuta?" Asipojua, mwombeni aulize jikoni, si usumbufu. Akirudi na jibu la "tunasaga leo, tunachanganya na nundu" au "na mafuta ya kidari", mko mahali pazuri. Akirudi na "ni steki tupu, haina mafuta kabisa" kwa sauti ya kujivunia, amewapa jibu: nene msiiguse.

Kuna kosa jingine la kwetu, na linatokana na ustadi wetu wenyewe. Pwani tunajua kupika kababu. Mpishi akipewa nyama ya kusaga, mkono wake unakwenda wenyewe kwenye tangawizi, kitunguu saumu, bizari, kotimiri, yai na mkate uliolowekwa. Matokeo yanaweza kuwa matamu mno, lakini ni kababu iliyolala ndani ya mkate. Yai na mkate vinashika maji na kuifunga nyama, hivyo haiachani mdomoni inavyotakiwa, na tangawizi inaifunika ladha ya ng'ombe mliyokuja kuilipia. Baga ya hadhi ina nyama, chumvi na pilipili manga, basi. Na pilipili manga nzuri haiko mbali, inalimwa Amani na vijiji vya Muheza. Kwenye menyu mkisoma "nyama iliyochanganywa na viungo vyetu maalumu", jueni ni ukoo wa kababu, muichague kwa kuipenda kababu.

Chumvi nayo ina saa yake. Ikichanganywa ndani ya nyama na kukaa nusu saa, huyeyusha protini ambazo zinageuka gundi, na nyama inakuwa na mpira-mpira. Inatakiwa inyunyizwe juu, dakika ya mwisho kabla ya moto. Kulitambua kosa hili mezani ni rahisi. Kata baga na uitazame kati: ikiwa uso umelainika, hauna vinyuzi, unang'aa kidogo kama soseji iliyokatwa, chumvi iliingia mapema. Iliyopikwa vizuri ina uso mkavu kidogo wa punje-punje, na ukiigusa kwa uma inamomonyoka.

Nene na ya kubonyeza zikiwekwa kando kwa kando

Baga nene ya kawaida ni gramu 180 mbichi, unene wa sentimita 2.5, pana kuliko mkate kwa sentimita moja hivi kwa sababu nyama hujikunja motoni. Ikiiva hupungua karibu robo, kwa hiyo zile gramu 180 zinawafikia kama 135. Mpishi makini hubonyeza dimbwi dogo katikati kwa kidole gumba kabla ya kuiweka motoni. Bila dimbwi hilo, kingo hukaza kwanza na kati inavimba kama mpira, kisha kila kitu mnachokiweka juu kinateleza. Inakaa dakika 5 hadi 6 kila upande kwenye moto wa wastani, halafu inapumzishwa dakika 3.

Tatizo liko kati. Steki nzima unaweza kuila ikiwa nyekundu ndani, kwa kuwa vijidudu viko juu ya uso na moto unaviua. Nyama ikisagwa, uso wote huo unachanganyika hadi katikati. Kwa sababu hiyo baga ya ng'ombe inatakiwa ifike nyuzi joto 71 katikati kabisa. Kwenye joto la Tanga, nyama ikiwa imetoka bucha hadi mgahawani kwa bodaboda, na umeme ukiwa umekatika kwa muda wa saa mbili jana, msiombe iwe na wekundu ndani hata kama menyu inaruhusu. Lakini kipande cha sentimita 2.5 kikifika nyuzi 71 kati, tabaka la nje limeshapita hapo zamani. Kikiwa na shahamu asilimia 20 kinastahimili. Kikiwa steki tupu kinakauka, na hakuna sosi itakayokiokoa.

Ya kubonyeza inaligeuza tatizo hilo kuwa faida. Ni vidonge viwili vya gramu 80 kila kimoja, vilivyofinyangwa kidogo tu, vinawekwa kwenye bamba la chuma lenye joto la nyuzi 200 hadi 230 na kubonyezwa kwa nguvu hadi unene wa nusu sentimita hivi. Kubonyeza kunafanyika ndani ya sekunde 30 za mwanzo, wakati mafuta bado hayajayeyuka. Kisha mkono unaondoka. Baada ya dakika moja na nusu hadi mbili, mpishi anaikwangua kwa mwiko bapa wa chuma, anaigeuza, anaweka jibini, na sekunde 45 baadaye inatoka. Kwa unene huo inaiva kati bila kutafutwa, na ladha haitoki kwenye majimaji ya ndani, inatoka kwenye ule ukoko wa kahawia uliogusana na chuma.

Ukoko ndio wa kutazama. Inua mkate wa juu. Kingo za nyama ziwe kahawia iliyokolea, nyembamba, zimetobokatoboka kama kofia ya viua, na zikivunjwa zitoe mlio. Mkikuta nyama ya kijivu, laini, imelala kwenye majimaji, bamba halikuwa na moto wa kutosha, au vidonge vingi viliwekwa kwa mpigo vikalipooza bamba, na nyama ikachemka badala ya kukaangika. Kosa la pili ni mpishi anayerudi kubonyeza dakika ya pili, kwa kupenda kusikia ule mlio wa "shaaa". Mlio huo ni mafuta na maji ya baga yenu yanayoondoka. Mkikaa pahala panapoonekana jiko, mtaliona hilo kabla hata sahani haijafika.

Kwa uzito mnakaribiana: 180 upande mmoja, 160 upande wa pili. Ya kubonyeza ina pande nne zilizokaangwa, nene ina mbili. Ya kubonyeza inasamehe nyama yenye mafuta machache, japo nayo ikiwa steki tupu hushika kwenye bamba na kuchanika. Nene inakaa na joto muda mrefu, na hapo ndipo inaposhinda: watu wanaopenda kula taratibu huku wakiongea, wakiwa nje usiku na upepo wa bahari unavuma Raskazone, nyembamba itawapoa ndani ya dakika 7 au 8 na mafuta yake yataganda kwenye mkate. Mezani kama hapo, nene yenye nundu ndani yake ni chaguo la haki. Lile sharti moja tulilolitaja ndilo hilo: mafuta yawe yameongezwa, na mgahawa useme hivyo wenyewe.

Samaki, na hapa Tanga ina la kusema

Katika miji mingi ya mbali na bahari, baga ya samaki huwekwa kwenye menyu kwa ajili ya wasiokula nyama. Samaki ametoka kwenye boksi, amegandishwa miezi. Tanga ina soko la Deep Sea, na mgahawa unaotaka unaweza kununua asubuhi, ukakaanga mchana. Tofauti hiyo haifidiwi na sosi.

Cha kuuliza hapa ni "samaki gani?" Jibu la "samaki tu" halitoshi. Chewa ndiye bora kwa baga: mnofu mweupe, mnene, unaoachana kwa mabamba makubwa, na mifupa yake ni mikubwa, inaondoka kirahisi. Changu ni mtamu lakini mnofu wake ni mwembamba, inabidi viwekwe viwili. Kolekole ni mzuri akiwa mkubwa. Nguru anapendwa na kila mtu, ana mnofu imara usio na vijimwiba, ila anakauka upesi, dakika moja ya ziada inamgeuza ubao. Tasi mwachieni mchuzi, au mumle mzima wa kukaanga kwa vidole, maana miiba yake haifai mtu anayeng'ata bila kuangalia.

Jodari na nguru wana tahadhari yao. Samaki wa ukoo huo akikaa juani au bila barafu ya kutosha hutengeneza histamini, na kukaanga hakuiondoi. Dalili zake ni uso kuwaka na kuwa mwekundu, muwasho, kichwa kugonga, wakati mwingine ndani ya nusu saa. Ukiona mnofu una ladha ya kuwasha-washa ulimi kama pilipili na sahani haina pilipili, acha kula, mwambie na mwenzako aache, na dalili zikizidi nendeni hospitali.

Mnofu mzuri wa baga una gramu 130 hadi 150 na unene wa sentimita 2. Unakaushwa kwa taulo la karatasi, unapakwa unga mkavu kwanza, ndipo unaingia kwenye uji wa unga wa ngano na wanga wa mahindi uliokorogwa kwa soda isiyo na sukari au maji ya barafu. Baridi ina kazi yake: inazuia unga usinyooke kama wa chapati, na mapovu yanapokutana na mafuta ya nyuzi 180 yanafanya ganda jepesi. Dakika 4 au 5 zinatosha. Makosa ni mawili na yote yanaonekana. Ganda likivulika kama soksi na kumwacha samaki uchi, hakukaushwa au hakupakwa unga mkavu. Ganda likiwa zito, linavuja mafuta kwenye karatasi, mafuta yalikuwa ya uvuguvugu. Rangi ya ganda iwe ya dhahabu. Hudhurungi yenye madoa meusi ni mafuta ya juzi.

Msimu nao uangaliwe. Kusi linapovuma, kuanzia karibu Mei hadi Septemba, bahari huchafuka, vyombo vidogo haviendi mbali, na chewa mzuri hupungua. Wakati wa kaskazi, Novemba hadi Machi, uwezekano wa kupata samaki wa siku ile ni mkubwa zaidi. Siku ya kusi kali, mhudumu akiwaambia samaki ni wa friza, amewafanyia hisani. Mshukuruni, hamieni kwenye kuku.

Kuku, kwa ufupi

Kuku ndiye salama na ndiye anayekosa jambo jipya la kuwaonyesha. Awe wa kisasa. Wa kienyeji, pamoja na utamu wake wote, nyama yake ni ngumu kwa kung'ata ndani ya mkate, anataka nazi na saa nzima. Paja lisilo na mfupa ni bora kuliko kidari, linabaki na unyevu. Kidari kinafaa kikigongwa hadi unene mmoja wa sentimita 1.5, la sivyo ncha inakauka huku upande mnene haujaiva. Kinachotofautisha kuku wa hadhi na kuku wa chipsi ni kulowekwa: saa 4 hadi 12 kwenye mtindi wenye chumvi. Tanga ni mji wa maziwa, kiwanda cha maziwa cha Tanga Fresh kipo hapa hapa, kwa hiyo mgahawa hauna kisingizio cha kukosa mtindi. Asidi yake inalainisha bila kuifanya nyama kuwa uji, na unashika unga vizuri. Akaangwe kwa nyuzi 170 hivi, dakika 6 hadi 8, hadi kati ifike nyuzi 74. Ukikata ukaona nyama yenye ung'avu wa waridi au majimaji yenye damu, rudisha jikoni bila kuona haya.

Mkate, jibini na vinavyopakwa

Skonzi za kawaida za dukani ni laini na tamu. Kwa baga ya kubonyeza zinafaa, tena vizuri. Kwa nene zinaloa na kupasuka kabla hamjafika nusu. Mkate wenye ganda gumu kama wa boflo una kosa la kinyume: ukiung'ata, unasukuma kila kitu kitoke nyuma. Wa katikati, wenye siagi na yai ndani ya unga, upana wa sentimita 10 au 11 na uzito wa gramu 70 hadi 80, ndio unaobeba nene. Wowote uwao, uso uliokatwa lazima upakwe siagi na kukaangwa hadi uwe kahawia. Tabaka hilo kavu lenye mafuta ndilo linalozuia majimaji. Kwa unyevunyevu wa pwani mkate usiokaangwa unanywea ukiwa bado jikoni. Mkipata baga ambayo mkate wa chini umekuwa ugali, angalieni kama ulikaangwa, na kama nyanya iliwekwa chini ya nyama. Mahali pa nyanya ni juu. Chini iwekwe saladi, iwe kizuizi.

Jibini, au chizi kama wengi tunavyosema, ichaguliwe kwa kazi. Vile vipande vilivyofungwa kimoja kimoja vina chumvi maalumu inayofanya viyeyuke bila kuachana mafuta. Kwenye baga ya kubonyeza ni sahihi kabisa, msividharau. Cheddar ina ukali unaoendana na nene. Mozzarella inavutika ikipigwa picha, lakini ni tulivu mno kwa nyama ya ng'ombe, muiache kwa kuku. Menyu ikitaja jibini ya Irente, ya kule Lushoto, mnalipia kitu chenye ladha yake. Iwekwe juu ya nyama ambayo haina sosi nyingi. Samaki hahitaji jibini.

Kwenye sosi, mgahawa unaotengeneza yake unajulikana kwa uchachu. Ukwaju uliopikwa na kitunguu, achari ya embe mbichi, mayonezi yenye ndimu na pilipili mbuzi: hivi vinakata mafuta ya baga kuliko tomato tamu ya chupa. Kwa samaki, mayonezi yenye ndimu na matango ya achari. Kwa ya kubonyeza, ukwaju. Chipsi za viazi vya Lushoto zikikaangwa mara mbili, kwanza kwa moto mdogo zikaiva ndani, kisha kwa moto mkali zikakauka nje, zina haki ya kuwa kwenye sahani. Zikija laini na zimelowa mafuta, zilikaangwa mara moja na kurundikwa.

Jambo la beikoni: migahawa mingi Tanga hupika halali, lakini menyu ikiwa na beikoni, ulizeni ni ya ng'ombe, ya bata mzinga au ya nguruwe. Kama mmoja wenu hali nguruwe na jiko lina bamba moja, ulizeni pia kama bamba na mwiko ni hivyo hivyo kwa nyama zote. Swali hili liulizwe kabla, halina aibu.

Sasa mbili zipi?

Mchana, bahari imetulia, mhudumu amewatajia jina la samaki na siku aliyonunuliwa: ya kubonyeza na ya samaki. Hiyo ndiyo meza bora ya Tanga kwa maoni yetu, moja ina ukoko wa chuma na chumvi, ya pili nyeupe, nyepesi, yenye ndimu. Hazirudiani hata kidogo.

Wakati wa kusi, au jibu la samaki likiwa na kigugumizi: ya kubonyeza na kuku wa paja.

Usiku, mko nje kwenye upepo, mna maongezi marefu, na nyama ina nundu: nene na kuku. Zote mbili zinavumilia kusubiri. Ganda la kuku wa unga linabaki kavu muda mrefu kuliko la samaki.

Nene na ya kubonyeza kwa pamoja, agizeni mkiwa mnataka kujifunza tofauti yenyewe. Kwa tumbo ni nyama juu ya nyama, na mwisho mnashindwa kumaliza. Samaki na kuku pamoja ni mafuta ya kukaangia mara mbili, hatupendekezi.

Ramadhani ina hesabu yake. Mchana migahawa mingi hufunga, na mara baada ya futari jiko hupata oda nyingi kwa wakati mmoja. Saa hiyo bamba hujaa, na tumeshasema bamba lililojaa linaifanyia nini baga ya kubonyeza. Subirini muda wa saa moja hivi, au chukueni kuku.

Mpango wa kula nao una maana. Mwombeni mhudumu asilete zote kwa mpigo: "Dada, tuletee ya kubonyeza kwanza, tukikaribia kumaliza ndipo samaki aingie kwenye mafuta." Nyembamba hupoa haraka, na samaki ganda lake hulainika kwa mvuke wake mwenyewe ndani ya dakika 10, kwa hiyo hakuna inayoweza kumsubiri mwenzake. Chipsi zije na ya pili. Ombeni kisu chenye meno, kisu laini kinaiponda baga badala ya kuikata. Nene ikateni baada ya dakika 3, ya kubonyeza hapo hapo ilipofika. Shikeni mkate wa juu kwa vidole viwili, pitisheni kisu kwa kuvuta mbele na nyuma bila kukandamiza. Nusu ziwekwe upande uliokatwa ukitazama juu, ili majimaji yasiingie kwenye mkate.

Katikati onjeni kitu kichachu, muwe na ulimi mpya kwa ya pili. Maji ya ukwaju au juisi ya machungwa ya Muheza isiyoongezwa sukari inatosha. Maziwa mazito yaliyopigwa na aiskrimu yanafunika ladha na kuwashibisha kabla ya wakati.

Na ikibaki, ya kufungasha ni kuku na nene, tena kwa masharti: mkate kando, sosi kando, karatasi badala ya foili iliyokazwa, kwa sababu foili inafungia mvuke. Nene ipashwe kwenye kikaango chenye mfuniko na kijiko cha maji, dakika 3 au 4 hadi iwe ya moto kabisa kati. Samaki msimfungashe. Mmalizieni mezani, mkate ubaki.